Kamba ya Habiba na Kidole cha Mama

Garsen, Tana River,
Jumamosi, baada ya mavuno.

Kwako mama yangu,

Kwanza nakushika miguu kutoka huku mbali, na mikono yako naibusu, hata kama utasema haibusiki kwa kunuka ukili wa mikeka. Je, goti la kushoto limetulia, au bado unainuka mkekani kwa kushika ukuta? Na kikohozi? Usiniambie "sijambo tu" kama unavyosema kwenye simu, maana mimi nakujua. Rukia, wifi yangu, najua msomaji ni wewe, basi soma kila neno, usiruke mistari eti maziwa yanafurika jikoni. Mama akicheka, mngoje amalize ndipo uendelee.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Joto la huku lipo vilevile na mbu wa mtoni wamenenepa mwaka huu, lakini nala vizuri na nalala.

Mama, siku ile simu ilipokatika ulikuwa katikati ya kunigombeza. Niliyasikia yote mpaka pale mtandao ulipokwenda zake. Ulisema, "Miaka yote hiyo uko huko porini unawafundisha watoto wa watu kuchezea tope. Huku shule hakuna?" Nilikasirika, sikufichi. Nilishika simu nikupigie nijibu, kisha nikaiweka, kwa sababu kumjibu mama kwa hasira hakuna baraka, na tena jibu lenyewe ni refu, simu haiwezi kulibeba. Ndiyo maana naandika. Barua hii na kifurushi kidogo anavileta mwalimu mwenzangu anayeshuka huko kwetu Vanga kwa likizo, ataviacha kwa kaka Athumani gereji.

Tope ni kweli. Nakiri. Udongo wa mto huu, maji ya gharika yakishapungua, ni laini kama unga wa sima, na darasa langu la gredi ya sita tunaufinyanga kila Jumanne na Alhamisi. Nawafundisha habari za wavumbuzi, yaani watu waliobuni vitu ambavyo sisi tunatumia bila kufikiri vilitoka wapi. Sasa mama, ukimsomea mtoto kitabuni kwamba fulani wa Ulaya alivumbua balbu, mtoto anaitika "ndiyo mwalimu" na usingizi unamchukua. Lakini ukimpa chupa ya maji iliyotupwa, waya na rangi, ukamwambia haya, itengeneze hiyo balbu, hapo ndipo maswali yanapomtoka. Tumetengeneza simu za mikebe na uzi. Tumechapisha majina kwa mihogo tuliyochonga herufi. Tumesuka ndege ya abiria kwa makuti ya mkoma, ikaruka kutoka kwenye paa la choo ikamwangukia mwalimu mkuu, Bwana Buya, kichwani. Siku hiyo aliniita ofisini akasema, "Mwalimu Mishi, darasa lako limekuwa jaa la Garsen nzima." Nikamwambia jaa hili linasoma, mwalimu. Hakupenda.

Siku moja niliwauliza, nani alivumbua simu? Kijana mmoja akajibu bila wasiwasi, "Yule wa duka la simu Garsen, karibu na stendi." Nilicheka mpaka nikakaa. Nikauliza tena, je, kwenu nyumbani hakuna mtu aliyewahi kubuni kitu? Wote wakatikisa vichwa. Kwao wavumbuzi ni watu wa kitabuni, wazungu wenye ndevu. Hapo nikapandwa na hasira zangu zile unazozijua, nikasema, "Basi mimi mama yangu ni mvumbuzi!"

Nisamehe mama, nilitoa siri yako. Niliwahadithia habari ya susu. Niliwaambia kwamba baba alipofariki mimi nikiwa mchanga, ulikuwa huna mtu wa kukushikia mtoto, na mikeka ya watu ilikuwa inangojwa. Basi ulinilaza kwenye susu, kile kitanda cha mtoto cha kuning'inia, ukafunga kamba kwenye susu, ncha ya pili ukaifunga kwenye kidole gumba cha mguu wako. Mikono inasuka ukili, mguu unabembeza mtoto. Najua hupendi tukilitaja jambo hili. Shangazi akilianza sikukuu unamwambia, "Wacha mambo ya dhiki hayo." Majirani walikucheka, walisema umemfunga mtoto kama mbuzi. Lakini watoto wa huku hawakucheka, mama. Walinitazama. Kisha msichana mmoja nyuma kule akainua mkono akauliza, "Mwalimu, na hiyo kamba ilikuwa na urefu gani?"

Huyo ndiye Habiba, na barua hii yote ni yake.

Habiba analelewa na bibi yake, Mama Jillo, mkulima wa mpunga. Shamba lao linaanza pale pale ua wa shule unapoishia, linateremka mpaka mtoni. Ni mtoto mkimya, mwepesi wa mikono, na kichwani mwake mna kitu. Tatizo ni mpunga. Wewe unajua kazi ya kuamia ndege, Vanga pia tunalima. Mpunga ukianza kupiga rangi, vindege vinakuja wingu zima, na usipokuwapo asubuhi unakuta makapi matupu. Huku kazi hiyo ni ya watoto. Mtoto anapandishwa dunguni, kile kitanda cha juu cha miti katikati ya shamba, anashika kamba zilizofungwa mikebe shamba zima, na kila ndege wakitua anavuta, mikebe inalia, wanaruka. Msimu huo darasa langu linabaki nusu. Dada yake Habiba aliondoka hivyohivyo, msimu wa mpunga, gredi ya sita hiihii. Akakosa mtihani, akaona haya kurudi, sasa ameolewa Ozi na ana mtoto. Kwa hiyo Habiba alipokuja kuniambia, "Mwalimu, bibi amesema kesho napanda dunguni," nilimkumbuka dada yake. Mtihani ulikuwa unakuja, na hakuna wa kumngoja.

Sikukubali. Nikaliambia darasa, haya wavumbuzi, tumwokoe mwenzetu. Wakachora mwewe mkubwa kwenye magunia, macho mekundu, mabawa ya vijiti, tukamtundika kwenye mti mrefu katikati ya shamba. Loo! Siku ya kwanza ndege hawakusogea karibu. Nikatembea kifua mbele, nikawa naona nimeshinda. Siku ya pili wakaja wakazunguka. Siku ya tatu mama, walikuwa wamekaa juu ya kichwa cha mwewe, na mmoja amemchafua jicho. Mama Jillo alicheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akaacha kucheka akampandisha mjukuu wake dunguni.

Nilimfuata kumsihi. Nilimkuta amekaa chini ya dungu, magoti yamemvimba, hawezi kupanda tena. Alinikaribisha vizuri akanipa uji, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi sikatai shule, mwalimu. Lakini ndege hii haijui mtihani. Wewe mshahara wako ndege haili." Nilikunywa uji nikarudi. Njiani nililia kidogo, sikwambii uongo.

Habiba hakuonekana siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu nilikuwa ubaoni na hesabu za sehemu, nikasikia sauti dirishani. "Mwalimu, niingie na kamba?"

Nikageuka. Habiba huyo, amesimama nje, sare imejaa nyasi, mkononi ameshika ncha ya kamba. Nikatoa kichwa dirishani nikaifuata kamba kwa macho. Imetoka pale dirishani, imepita juu ya ua, imekwenda moja kwa moja mpaka dunguni ikaungana na zile nyingine. Siku mbili zile juu ya dungu alikuwa anasokota makuti ya mkoma na vipande vya nyavu kuukuu, anaunga, anasokota. Nikamwambia ingia, ingia haraka! Akaketi kwenye dawati lake, akavua kiatu, akafunga ile kamba kwenye kidole gumba cha mguu. Kisha akafungua daftari akanakili hesabu.

Mama, nilishika chaki nikashindwa kuandika. Watoto wote walimtazama, wakanitazama mimi, na nadhani tulikuwa tunamwona mtu mmoja. Ndege wakatua. Habiba akavuta mguu. Ngarangaranga! Shamba zima likalia, wingu la ndege likainuka likaenda ng'ambo ya mto, na yeye bado anaandika.

Nikafundisha hivyo. Nakuambia hesabu za gredi ya sita zilisomwa kwa mikebe. Ila siku ya nne yakatokea makubwa. Beberu mmoja aliingia shambani, kamba ikamnasa pembe, akatimka. Habiba akatoka kwenye dawati kama samaki aliyeingia ndoana, miguu mbele, anapiga kelele "Kidole! Kidole changu!" Sisi wote tukamrukia, huyu anashika mkono, huyu anashika shingo, mimi nang'ata kamba kwa meno. Bwana Buya akaingia wakati huohuo. Alipokuta mwalimu yuko sakafuni na kamba mdomoni, sina haja ya kukueleza uso wake.

Akasema kamba itoke leo. Nikambishia, tena kwa sauti ambayo hukunilea nayo. Nikamwambia akitoa kamba anamtoa mtoto. Akanijibu taratibu, "Na kidole kikikatika, Mwalimu Mishi, nimweleze nini bibi yake?" Hapo alikuwa na haki. Habiba alikuwa anakusanya vitabu vyake, haraka haraka, bila kumtazama mtu, na huko ndiko kulikoniuma zaidi kuliko kama ningemwona analia.

Aliyesema neno alikuwa Galgalo, mtoto wa wafugaji wa Kiorma. Beberu alikuwa wa ami yake, kwa hiyo alikuwa amejificha nyuma ya mlango kwa haya. Akasema, "Mwalimu, sisi ndama tukimfunga wakati wa kukama, fundo ni la kufunguka. Akivuta sana linaachia lenyewe." Akalionyesha. Kitanzi, kinapinda hivi, kinarudi hivi. Bwana Buya akavuta kidogo, kikashika. Akavuta kwa nguvu, kikaachia mkononi mwake. Akavuta tena na tena kama mtoto aliyepewa kitu cha kuchezea. Basi darasa likachemka. Kidole kikapumzishwa. Wakaleta ringi ya baiskeli tuliyoitumia kwenye somo la gurudumu, wakaifunga dirishani kamba ipite juu yake isikwaruze, na chini ya dawati wakaweka kibao cha kukanyaga, kilichounganishwa kwa fundo la Galgalo. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, mama. Mtoto wa mkulima na mtoto wa mfugaji wako chini ya dawati moja wanagombana kuhusu msumari, na wewe unajua jinsi wazee wao wanavyogombana kuhusu njia ya ng'ombe kwenda mtoni.

Mwalimu mkuu akatoa siku moja ya majaribio. Akaja akakaa nyuma ya darasa, karibu na kibao, na daftari lake. Ndege walipotua akakanyaga yeye. "Nahakikisha tu," akasema. Alihakikisha mpaka kengele ya uji.

Lakini mwenye neno la mwisho alikuwa Mama Jillo. Aliweka sharti, ndege wakila, mtoto anarudi dunguni na hashuki mpaka mavuno. Kila jioni alizunguka shamba kwa fimbo yake, na sisi kila asubuhi tulimtazama Habiba usoni kujua kama bado ni wetu. Watoto walipokezana kukanyaga ili naye apate kusoma kwa utulivu. Waliokuwa wavivu wa kuja mapema walianza kufika kabla yangu, kwa sababu ndege wa asubuhi ndio wenye njaa.

Ikabaki wiki moja kufika mtihani. Asubuhi moja Mama Jillo akaingia darasani. Hajawahi kukanyaga darasa, aliingia kwa kushika mlango. Hakunisalimu. Akaja mpaka mezani kwangu akaweka kitita cha masuke ya mpunga, yote matupu, yamefyonzwa meupe. Habiba akainamisha kichwa juu ya dawati.

Mama Jillo akasema, "Hii ni ya kona ya mto. Kamba yenu haifiki kule."

Nikasema, "Bibi, tafadhali..."

"Wewe ngoja nimalize." Akaingiza mkono kwenye kanga yake, kiunoni, akatoa furushi, akaliweka juu ya masuke. Ilikuwa kamba, mama. Kamba mpya ya makuti, imesokotwa vizuri kuliko yetu yote. "Nimesokota mimi, jana na juzi. Mwambie Galgalo aunge na ile fundo yake. Magoti yangu mabaya, mikono bado." Akamgeukia mjukuu wake. "Na wewe inua kichwa, uandike."

Nilimshika yule bibi nikamkumbatia mbele ya darasa zima. Alinuka moshi na majani mabichi. Alinisukuma, eti ninamchafua kwa chaki.

Habiba amefanya mtihani. Siku zote, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho, na kibao tulimpa Bwana Buya akanyage kutoka dirisha la ofisi, maana gredi ya sita walikuwa wanaandika. Mpunga umevunwa. Kona ya mto ilikuwa imeshaliwa, lakini kwingine umejaa. Majibu hatujui bado, na mimi siogopi sana. Ninachojua ni kwamba hakuondoka kama dada yake.

Sasa sikiliza mwisho, mama. Juzi tuliwaita wazazi waje kuona kazi za watoto. Tulizitandaza kwenye meza, chini ya kila kazi kibandiko, jina la kitu na jina la mvumbuzi. Balbu, fulani. Simu, fulani. Ndege, fulani na ndugu yake. Habiba na wenzake walifinyanga shamba zima kwa udongo, dungu, darasa, kamba za uzi, mikebe ya vizibo vya soda. Siku moja kabla alinifuata akaniuliza, "Mwalimu, mama yako anaitwa nani?" Nikasema Mama Athumani. Akasema, "Hilo ni jina la mtoto wake. Yeye mwenyewe?" Nikamtajia. Akaniomba nimwandikie kwenye kiganja asikosee.

Bwana Buya alipofika kwenye kazi ile akasoma kibandiko, akavua miwani, akaivaa tena. "Mvumbuzi huyu hayumo kitabuni," akasema. Habiba, yule mkimya, akamjibu, "Mwalimu, walioandika kitabu hawakufika Vanga." Wazazi wakaangua kicheko, na Mama Jillo akapiga kigelegele. Wamekuchora pia, mama. Umekaa mkekani unasuka, na kidole gumba cha mguu ni kikubwa kuliko kichwa. Picha iko ukutani darasani, na wadogo wa gredi ya kwanza wanakuja kuitazama wakati wa mapumziko.

Hayo ndiyo ninayoyafanya huku porini. Uhamisho sijauomba. Kama utakasirika, kasirika, lakini nitakuja likizo unikasirikie uso kwa uso nami nikukande goti.

Nisalimie kaka Athumani, umwambie asitie mikono yenye grisi kwenye kifurushi. Nisalimie shangazi, na safari hii mwache aihadithie habari ya susu mpaka mwisho. Mjomba mshona nyavu naye mwambie vipande vyake vibovu vya nyavu asitupe, nina kazi navyo. Mabusu kwa watoto wa Rukia. Kwenye kifurushi mna mchele mpya, ameutwanga Mama Jillo kwa mkono wake. Alinikabidhi akasema, "Huu wa mama mwenye kidole." Upike wali wa nazi, mle nyote.

Na wewe Rukia, wifi yangu, usiikunje barua bado. Mama hajui kusoma, na jina lake hajalitambua mahali popote isipokuwa kwenye kitambulisho, alikoonyeshwa mara moja mbiombio na karani. Shika kidole chake, kile cha mkono, ukiweke hapa chini kwenye maneno niliyoyaandika kwa herufi kubwa. Umpitishe polepole, herufi kwa herufi, halafu umwambie ndivyo yalivyo ukutani Tana River:

KAMBA YA KUAMIA NDEGE. MVUMBUZI: MWANAKOMBO BINTI SHEE.

Ni mimi mwanao wa susuni,
Mishi